TAHADHARI: Mitungi ya kuzamia inayouzwa Mtwara, msiijaze hewa

Ndugu zangu wa Mtwara, Mikindani, Lindi hadi Kilwa, hasa nyinyi mnaozama kutafuta nanga na kukwangua boti: kuna mtu anazunguka na mitungi ya kuzamia, anauza laki mbili na nusu. Mimi nimeshapigwa. Pesa naisamehe. Kinachoninyima usingizi ni kwamba alikuwa nayo minne, na kwangu uko mmoja tu.

Tulikutana Shangani. Mtungi unang'aa, rangi ya njano mbichi. Nikamuuliza ulipimwa lini mara ya mwisho, akasema, "Kaka, huo hata haujatumika, nimeupiga rangi tu upendeze." Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka: mtungi usiotumika unapigwa rangi ya nini? Nikamtumia hela kwa simu, nikaupakia kwenye bodaboda.

Mzee anayetujazia aligoma kuufunga kwenye kompresa. Alipapasa begani mwa mtungi, pale panapogongwa tarehe za kupimwa, akasema pamesagwa kwa grinda. Akakwangua rangi kwa kisu. Chini yake fila, ileile ya mafundi bodi, na chini ya fila kidonda cha kutu kinachoingia ncha ya kidole. Tukafungua koki polepole mpaka hewa ikaisha kabisa, akaing'oa, akauinamisha mtungi. Yakatoka maji ya chumvi yenye rangi ya chai, na magamba ya kutu. Chuma kikishaingiwa na maji ya bahari kinaliwa ndani kwa ndani, na kutu hiyo inakula oksijeni ya hewa utakayovuta. Kwa hiyo hata usipopasuka, unaweza kuzimia ukiwa chini.

Wengi wetu tumezoea mtungi wa gesi ya kupikia, tunadhani hawa ni ndugu. Presha ya gesi ya jikoni haifiki hata sehemu ya kumi ya hii. Tairi la gari dogo linajazwa psi 30 hivi; mtungi wa alumini wa kawaida ni psi 3,000, yaani baa 207. Hewa ya lita zaidi ya 2,000 imeshindiliwa kwenye nafasi ya lita 11. Kitu hicho kikiachia hakitoi upepo kama mpira. Kinachanika, na aliyesimama karibu hana pa kukimbilia.

Na si kutu tu. Mzee alitwambia kuhusu koki: ya milimita 25 inaweza kujizungusha ikaingia kwenye shingo ya saizi iitwayo inchi robo tatu, ambayo kwa kweli ni pana kidogo zaidi, ukaona imekaa, kumbe meno yameshika kidogo tu. Presha ikipanda inachomoka kama risasi. Kuna pia mitungi ya alumini ya zamani, mingi ya kabla ya 1990, iliyotengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) namba 6351. Shingo zake huota nyufa taratibu. Na alumini iliyopigwa moto, iwe kwa kuchoma rangi au kuchomelewa, imekwisha nguvu hata kama hujaona ufa.

Mtungi ulio mzima unakaguliwa ndani kila mwaka, na sehemu nyingi duniani unapimwa kwa presha ya maji kila baada ya miaka 5, tarehe ikagongwa begani. Tarehe hakuna, au pamesagwa? Usitoe hata shilingi.

Nilipompigia alikuwa ameshaniblock. Wangu tumeutoboa kwa drili ukiwa mtupu, hautajazwa tena na mtu yeyote. Kati ya iliyobaki, naambiwa mmoja umekwenda kwa fundi pancha, akidhani atahifadhia upepo wa matairi. Kaka, kama unasoma hapa, usiupeleke kwa mchomeleaji, usiugonge nyundo, na usiguse koki kwa spana kama bado una hewa.

Mwingine ni wa kijivu, una mkanda mweusi wa plastiki shingoni. Aliyeununua anitumie ujumbe leo, kabla hajaupeleka kujaza.