Diski bandia ya shingo Mobi-C: hudumu kwa kiasi gani?

Mobi-C ina vibao viwili vya aloi ya kobalti na kromu, na katikati kiini cha plastiki ya polietilini kinachoteleza. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa ngazi moja au mbili za shingo, yaani nafasi za diski kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo). Matokeo ya miaka 7 yanatia moyo kweli: kwa waliowekewa ngazi mbili, 4.4% walihitaji upasuaji wa marudio, dhidi ya 16.2% ya waliounganishwa pingili.

Udhaifu wake mkubwa ni mfupa kuota kuizunguka diski. Ukiziba kabisa, pingili hizo huacha kusogea, ingawa maumivu huenda yasirudi. Kibao kidogo mno huweza kuzama mfupani, hivyo daktari asikisie kipimo. Mwenye mifupa dhaifu, au viungo vya nyuma vya pingili vilivyolika sana, asiwekewe.