Kabati la santuri la mvule, Lamu: zuri, ila mgongo

Adui wa santuri Lamu ni unyevu, na kabati hili la kuagiza kwa fundi limepatia mengi. Kila chumba kina kimo na kina cha sentimita 34, kwa hiyo jalada la LP (santuri kubwa ya inchi 12), la sentimita 31 na nusu hivi, linaingia na kutoka bila kukwaruzwa. Vigawanyo viko kila sentimita 30. Hapo ndipo ufundi ulipo, maana santuri ikipata nafasi ya kuegama, baada ya muda hupinda. Rafu nene ya sentimita 2.5 si anasa: LP 80 na majalada yake ni kama kilo 20.

Kasoro ni mgongo. Umezibwa kwa plaiwudi, hewa haipiti, na masika majalada huota koga. Mwambie fundi atoboe matundu matatu kila chumba, kisha kabati likae sentimita 8 kutoka ukutani. Kuta za matumbawe hunyonya maji na kumwaga vumbi la chokaa. Vanishi ikauke wiki mbili, la sivyo jalada litaganda kama sambusa kwenye gazeti.

Mifuko ya plastiki ya PVC inayokuja nalo, tupa. Kwenye joto huacha utando usiofutika juu ya santuri. Nunua ya polithini. Na zile kongwe za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, za enzi ya mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, usizifute kwa spiriti kabisa: ni za sheleki, utomvu wa wadudu, na spiriti huiyeyusha.