Lenzi ya kupiga michezo ya shule ndani ya ukumbi: angalia mota kwanza, namba baadaye

Kila msimu wa mashindano ya shule ukianza naletewa lalamiko lilelile, watu tofauti tu. Mzazi kanunua lenzi ndefu, muuzaji kamhakikishia hii ndo ya michezo, kaenda nayo ukumbini binti anacheza basketi, karudi na picha mia na kitu za vivuli vinavyokimbia, na zile chache zilizosimama zimejaa chenga (vile vidoti vya mchangamchanga) mpaka jezi haisomeki namba. Halafu ananiuliza, kamera yangu imekufa? Haijakufa. Kamera iko sawa kabisa, umeuziwa lenzi ya kupiga mchana nje kwenye jua, basi.

Habari ya mwanga naipitia haraka maana hii mnaijua au mtaikuta popote. Mtoto anayeruka unahitaji spidi ya shata kama 1/500 ya sekunde kumsimamisha, ukishuka 1/250 mikono na mpira vinaanza kuvutika. Kwenye kumbi nyingi za shule, kwa spidi hiyo na lenzi ya f/2.8 (f ni upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga ni mwingi), utajikuta ISO 3200 mpaka 6400, ISO ndo kiasi kamera inavyoukuza mwanga. Sasa ile lenzi ndefu ya f/4-5.6 ukiivuta mpaka mwisho inakuwa f/5.6, yaani inaingiza robo tu ya mwanga wa f/2.8, kwa hiyo ISO inakupeleka 12800 mpaka 25600, hapo ndo chenga zinapotokea. Flashi usiihesabu, sehemu nyingi hairuhusiwi na hata ikiruhusiwa unampofua mtoto anayetaka kudaka mpira. Ushapu wa pembeni, vumbi, uzuri wa boksi, hayo sitayagusa, kuna watu wanayapenda wataandika.

Ninachotaka kuongelea ni mota ya fokasi, ile inayosukuma vioo vya lenzi mpaka mchezaji aonekane vizuri, maana ndo kitu hakuna anayekitaja na ndo kinaua picha nyingi kuliko chenga. Chenga unaweza kuzipunguza kwenye programu, picha iliyokosa fokasi unaifuta.

Chukua voliboli. Mpigaji anaruka kupiga smashi, kati yako na yeye kuna wavu, na mikono ya wazuiaji inapanda mbele ya uso wake. Kamera inashika wavu kwanza, hilo litatokea tu. Lenzi yenye mota nzuri inatoka kwenye wavu inafika usoni mtoto akiwa bado hewani. Lenzi yenye mota ya kivivu inatoka kwenye wavu, inampita mchezaji, inaenda mpaka kwa mashabiki wa nyuma, inarudi, inampita tena inakuja mbele, na ikija kumpata ameshatua, mpira umeshagusa chini na wenzake wameshamrukia kumpongeza. Una picha kali sana ya wavu na picha kali sana ya mgongo wa kocha. Na hapo lenzi inaweza kuwa f/1.4, namba nzuri kabisa, haikusaidii kitu.

Tatizo ni kwamba kasi ya mota haiandikwi kwenye boksi. Wanaandika f, wanaandika milimita, wanaandika kama ina kizuia mtikisiko, ambacho kwa michezo hakina kazi kubwa, kinatuliza mkono wako wewe, mtoto anayekimbia hakimsimamishi. Kwa hiyo inabidi ujue kusoma herufi. Kwa Canon, STM ni mota laini na ya kimya, nzuri kwa video, kwa michezo mara nyingi inachelewa. USM ya pete, mota ya duara inayozunguka lenzi, ndo unayoitaka. Lakini na USM nayo angalia, kuna USM ya mota ndogo iliyowekwa kwenye lenzi kadhaa za zamani kama 75-300, herufi ni zilezile, mwendo ni mwingine kabisa. Kwa Nikon unatafuta AF-S. Kwa Sony, Fuji na Tamron za kamera zisizo na kioo (mirrorless) unatafuta mota za linia, zinazosukuma vioo kwa mstari ulionyooka.

Na kuna jambo la pili linaloenda na hilo: uzito wa vioo ambavyo mota inavisukuma. Canon EF 85mm f/1.2L II (EF ni lenzi za kamera za Canon zenye kioo, L ni daraja lao la juu lenye pete nyekundu) ina USM ya pete, ina sifa dunia nzima kwa picha za watu, ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na kwa basketi ni mateso maana ile mota inasukuma mzigo wa vioo na inatembea taratibu. Mtu anaona f/1.2 anasema hapa mwanga nimemaliza, ananunua kwa hela ndefu, halafu mdogo wake ile ya f/1.8, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo, inamwacha mbali. Lenzi za makro ni hivyohivyo, fokasi yake ina safari ndefu kwa sababu imetengenezwa ishike mpaka mdudu aliye puani kwako, ikipoteza mchezaji inazunguka safari yote kwenda na kurudi.

Haya, orodha yangu. Nisiwafiche, mimi ni mtu wa Canon, na wala sitajifanya niko katikati.

Namba moja ni Canon EF 85mm f/1.8 USM. Lenzi ya mwaka 1992, gramu 425, haina kizuia mtikisiko, haina pete nyekundu ya kujionyesha, na fokasi yake inaruka. f/1.8 inaingiza zaidi ya mara mbili ya mwanga wa f/2.8, maana yake pale mwenzako wa 70-200 yuko ISO 6400 wewe uko chini ya 3200. Kwenye kamera yenye sensa ndogo ya APS-C unampata mchezaji mzima kichwa mpaka kiatu akiwa mita nane hivi, ukishika kamera wima, kwenye fuli fremu (sensa kubwa) ni kama mita tano. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, kwa hiyo ukikaa pembeni ya mstari una nusu nzima ya uwanja mkononi. Ubaya wake, ukiifungua yote unapata mstari wa zambarau kwenye kingo zinazong'aa, jezi nyeupe chini ya taa utauona, na mimi huwa naifunga kidogo mpaka f/2 maisha yanaendelea. Ukihamia kamera za R (zisizo na kioo za Canon, lenzi zake zinaitwa RF) unaivalisha adapta ya Canon na inafanya kazi kama kawaida. Usije ukaibadilisha na RF 85mm f/2 Macro STM kwa sababu tu ni mpya, hiyo ni makro na ni STM, nimeshaeleza hapo juu shida ya vyote viwili. Ukiikosa 85, ndugu yake EF 100mm f/2 USM ni karibu kitu kilekile, ndefu kidogo.

Namba mbili ni 70-200 f/2.8, na hapa naweka Canon tena, EF yoyote ya L. Hii ni kwa anayekaa mbali au anayepiga picha za mpira wa mikono, uwanja wake ni mita 40 kwa 20 na 85 haifiki upande wa pili hata ufanyeje. Ushauri wangu ambao wauzaji hawaupendi: chukua ile ya kwanza ya mwaka 1995 isiyo na kizuia mtikisiko, iliyotumika lakini imetunzwa. Kwa spidi ya 1/500 hicho kizuia mtikisiko unakilipia kikae tu. Ina swichi pembeni ya kuikataza fokasi isishuke chini ya umbali fulani, na hiyo swichi watu wanaimiliki miaka hawajaigusa! Iweke, lenzi isiende kutafuta fokasi kwenye kichwa cha aliyekaa mbele yako. Toleo la RF ni jepesi, gramu kama 1070 wakati EF IS II inakaribia kilo moja na nusu, na baada ya mechi ya tatu mkono utaanza kukwambia tofauti, ila bei yake sitaki hata kuiongelea leo.

Namba tatu ni EF 135mm f/2L ya 1996, kwa wenye fuli fremu tu. Mota nzuri, mwanga mara mbili ya f/2.8, gramu 750. Kwenye sensa ndogo inabana mno, utapata sana sura na kiwiko.

Walioko nje ya Canon sijawasahau, ila nitakuwa mfupi. Sony, chukueni FE 85mm f/1.8, gramu 371, mota mbili za linia, haina longolongo, na kama unataka zumu basi Tamron 70-180 f/2.8 ya 2020 ni gramu 810 na inashika haraka. Fuji, XF 90mm f/2 ina mota nne za linia, hiyo hata mimi naiheshimu. Nikon, AF-S 85mm f/1.8G ni nzuri kwa mwanga ila fokasi yake ni ya mtu asiye na haraka, ningejikakamua kwenye 70-200 f/2.8 ya AF-S hata ya zamani.

Wa Nikon wana mtego mwingine wa peke yao. Zile 80-200 f/2.8 za AF-D zinauzwa bei ya kuvutia, ni imara, zimebeba magazeti miaka na miaka, lakini hazina mota ndani, zinategemea mota ya kwenye kamera. Ukiwa na kamera za familia ya D3000 au D5000, hazina hiyo mota, fokasi utazungusha kwa mkono. Ukiwa na Z (kamera ya Nikon isiyo na kioo) na FTZ, adapta yake ya kuvalisha lenzi hizi, vilevile. Basketi kwa fokasi ya mkono, kila la heri.

Sigma 50-100mm f/1.8 ya APS-C nimeulizwa sana. Kwenye karatasi ni ndoto, zumu yenye f/1.8. Ni karibu kilo moja na nusu, na fokasi yake kwenye kamera za kioo haitabiriki, mara inapiga mara inakosa kidogo nyuma, na kwa f/1.8 kukosa kidogo ni kukosa kabisa. Ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe ndo utoe hela.

Za bei rahisi: 50mm f/1.8 yoyote, ukae karibu na goli. Ni bora kuliko lenzi iliyokuja na kamera. Basi.

Za kukimbia: zumu yoyote ya f/4-5.6 hata iwe ndefu kiasi gani, lenzi za f/0.95 zisizo na fokasi ya otomatiki, na kile kipande cha kurefusha mara mbili, kwa sababu kinageuza f/2.8 yako kuwa f/5.6 na unarudi kulekule ulikotoka ukiwa umelipa mara mbili.

Kabla hujarudisha lenzi dukani kwa hasira, kitu kimoja. Kama picha moja ni ya njano, inayofuata ya kijani, nyingine ina mkanda wa giza, hiyo siyo lenzi. Ni taa. Umeme wa 50 Hz taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, wa 60 Hz mara 120, na shata ya haraka inadaka katikati ya mpepeso. Tafuta kwenye menyu ya kamera kama ina kizuia mpepeso, kiwashe.

Sasa wauzaji. Jamani. Tangazo linaandika "lenzi 70-300 ya michezo f/4" na ile 5.6 imemezwa, haipo, sijui imekwenda wapi. Ukiuliza ni mota gani anakujibu "otomatiki mkuu". Mwingine anauza 70-200 iliyotumika, kaitoa pete ya kufungia stendi na kofia ya mbele anaviuza peke yake kwenye tangazo lingine, halafu bei ya lenzi ni ya lenzi iliyokamilika. Na hii ya kofia wala siyo mitumba tu, hao hao Canon ninaowasifia lenzi zao zisizo za L wanakuuzia bila kofia, ile ET-65III ya 85 unainunua kivyake, kipande cha plastiki! Halafu kuna wale wa "imejaribiwa, haina tatizo", ukimbana kajaribu vipi, kapiga picha ya kalenda ukutani mchana. Kalenda haikimbii, kaka.

Kama unanunua iliyotumika ijaribu hivi. Ingia kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Weka kitu chenye maandishi mita moja kutoka kwako na kingine mwisho wa chumba. Lenga cha karibu, bonyeza nusu, ishike, hamia cha mbali, bonyeza nusu, rudi, rudia hivyo mfululizo huku umetega sikio. Nzuri utasikia mlio mfupi mmoja na imefika. Ikienda, ikarudi, ikaenda tena ndo ikatulia, hiyo itakufanya hivyohivyo kwenye wavu. Ikikwaruza, mota inaelekea mwisho, na kwa lenzi za zamani spea zinapatikana kwa shida. Halafu washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili, utando kama wa buibui ndani ni fangasi, usibebe hata kwa punguzo. Muuzaji akiwa mbali mwombe video ya jaribio hilo hilo, yenye sauti. Akikutumia picha ya boksi, nenda tangazo linalofuata.