Mchoro wa mfuatano au mchoro wa hali?

UML, lugha ya michoro ya kubuni programu iliyopitishwa na OMG, shirika la viwango vya teknolojia, mwaka 1997, ina njia kadhaa za kuonyesha programu ikiwa kazini. Hizi mbili, mchoro wa mfuatano na mchoro wa hali, ndizo huwachanganya watu zaidi. Tuchukue mfano wa ATM.

Mchoro wa mfuatano hupanga objekti (wahusika wa mfumo, kama mteja, ATM na benki) juu, kila moja na mstari wake uliokatikakatika. Muda unasonga kushuka chini. Mteja anaingiza kadi, ATM inapeleka namba ya siri benki, benki inajibu, noti zinatoka. Hata meneja asiyejua programu anausoma bila shida. Kasoro yake ni kwamba unasimulia kisa kimoja. Ukianza kubandika visanduku vya "salio halitoshi" na "mtandao umekatika", karatasi inajaa na hakuna anayeambulia kitu.

Mchoro wa hali humfuata mhusika mmoja tu, maisha yake yote. ATM inasubiri kadi, inasubiri namba, inahesabu noti, au imefungwa kwa matengenezo. Mishale inaonyesha tukio linaloitoa hali moja kwenda nyingine. Mwanasayansi wa kompyuta David Harel aliupa nguvu mwaka 1987 kwa kuruhusu hali ndani ya hali. Hapa ndipo maswali magumu yanapojitokeza: namba ikikosewa mara tatu je? Mteja akibonyeza "Ghairi" wakati noti zinahesabiwa? Pasipo na mshale, hujalifikiria jambo hilo.

Objekti nyingi zikizungumza, chora mfuatano. Kwa oda, malipo au mashine, mimi huanza na hali. Klasi (kiolezo cha objekti) ya kukokotoa VAT, isiyopitia hali mbalimbali, haina haja na mchoro wa hali hata kidogo.