Kahawa ya Nyeri katika Mkahawa Mdogo wa Kilimani

Jumamosi asubuhi, mimi na marafiki wawili tuliingia katika mkahawa mdogo mtaani Kilimani, tukivutiwa na ubao wa mlangoni uliotangaza kahawa ya Nyeri ya daraja la AA, daraja ambalo hueleza ukubwa wa punje wala si ladha yake, ingawa wanywaji wengi hudhani vinginevyo.

Kahawa ilichujwa kwa mkono mbele yetu. Mhudumu alisaga buni papo hapo, akalowesha unga kwa maji kidogo ya moto, akasubiri ukaumuka na kutoa mapovu, dalili ya kwamba buni zilikuwa zimekaangwa karibuni na gesi yake haijaisha, kisha akamimina maji yaliyosalia polepole, kwa mzunguko. Nilipoonja bila sukari, nilikutana na uchachu safi wa matunda ambao ndio fahari ya kahawa ya nyanda za Mlima Kenya. Inasikitisha kwamba kahawa bora kama hii nyingi huuzwa ng'ambo, huku sisi tukizoea chai.

Mandazi yalikuwa ya kawaida. Kahawa ya maziwa aliyoagiza rafiki yangu ilifika vuguvugu, na alipolalamika akabadilishiwa bila ubishi, ila baada ya kungoja takriban dakika ishirini. Kwa kahawa nyeusi natoa alama tano kati ya tano. Kwa huduma, tatu. Wenzangu wanaona nimekuwa mkali, lakini wote wawili wamekubali turudi Jumamosi ijayo.