Hitilafu ya ndege: kuiandika au kumweleza fundi kwa mdomo?

Rubani akitua na kasoro ana njia mbili. Ya kwanza ni logi ya ufundi, daftari la ndege ambamo rubani huandika kasoro: fundi hujibu humo humo alichofanya, hutia saini, na rubani anayefuata huisoma kabla ya kuruka. Ya pili ni mdomo.

Mdomo una kasi, tena hubeba yale ambayo karatasi huyabana: mtetemo ulianza lini, harufu ilikuwaje, ulikoma kasi ilipopungua au la. Fundi huuliza papo hapo. Ila zamu ya mafundi ikibadilika, maelezo nayo yamekwenda nyumbani.

Maandishi nayo si kinga. Oktoba 28, 2018, marubani wa Boeing 737 MAX ya Lion Air, shirika la ndege la Indonesia, waliruka kutoka Denpasar hadi Jakarta, usukani wa kapteni ukitetemeka na ndege ikijiinamisha pua. Kwenye logi waliandika kutofautiana kwa vipimo vya kasi na mwinuko, na taa moja ya onyo. Mtetemo hawakuutaja, wala swichi walizozima ili kuidhibiti ndege. Mafundi wakashughulikia walichosoma. Kesho yake ndege hiyohiyo, safari namba 610, ilianguka baharini na kuua watu wote 189.

Kwangu logi inatangulia, mradi iandikwe dalili yenyewe: "usukani ulitetemeka tangu kupaa" humsaidia fundi kuliko "kasi haisomeki vizuri". Mazungumzo yafuate, kama fundi yupo. Kwenye viwanja vidogo usiku, mara nyingi hayupo.