Fundi wa mapazia aliyenirudishia hela mkobani

Nilipanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja la wauza vitambaa katikati ya Kampala nikiwa na laki mbili na rangi yangu nimeshaichagua, maruni. Fundi, Mkongo wa makamo mwenye futi shingoni, hakugusa hata jora moja. "Mama, dirisha yako iko na upana gani?" Sikujua. "Basi rudisha kwanza hela kwa mkoba."

Kiswahili chake ni cha Kongo, changu ni cha kambi ya jeshi ya Bombo nilikozaliwa, lakini hapo tulielewana vizuri sana. Nilikasirika kidogo. Nimetoka Kawempe kwa teksi, foleni ya Bombo Road yote ile, halafu naambiwa nirudi nyumbani kama mtoto aliyesahau daftari.

Ila alikuwa na haki. Mapazia niliyokuwa nayo nilinunua yaliyokwisha kushonwa, duka lingine, shilingi 90,000, kwa macho tu. Yaliishia shibiri moja chini ya dirisha, kama suruali ya mtu anayevuka mto. Na ukiyafunga yalinyooka bapa, kama shuka kwenye kamba.

Huyu hutoza 20,000 kuja kupima, na ukimpa kazi anaikata kwenye bei. Alikuja kwa boda Jumamosi asubuhi. Dirisha langu lina mita moja na nusu. Akasema fimbo ya pazia ipite dirisha sentimita 20 kila upande ili mchana pazia likae ukutani, lisile mwanga wa kioo. Ikawa mita 1.9. Kitambaa kiwe mara mbili ya hapo, ndipo pazia likunjike hata likiwa limefungwa. Kwa hiyo mita 3.8, tukaifanya nne. Jora lenyewe lina upana wa mita 2.8, na upana huo ndio unaogeuzwa kuwa urefu wa pazia, kwa hiyo hakuna kuunga.

Tukabishania fimbo. Mimi nilishaona kwenye video kwamba fimbo iwekwe juu kabisa, karibu na dari, chumba kionekane kirefu. Akanionyesha kwa kidole matundu ya hewa juu ya dirisha, yale ambayo karibu kila nyumba yetu huku inayo. "Ukifunika hii, usiku mutalala ndani ya chungu." Waliotengeneza zile video hawana matundu ya hewa. Fimbo ikakaa chini ya matundu, juu kidogo ya fremu, na kusema kweli chumba hakikupungua urefu wowote.

Maruni pia aliikataa, lakini kwa adabu. Alinikatia vipande viwili, maruni na kijani cha majani makavu, nikavibana dirishani kwa vibanio vya nguo siku mbili. Dukani kwake taa ni nyeupe kama ya hospitali, na chini yake maruni ilipendeza. Kwangu, chini ya balbu ya manjano, jioni ilikuwa rangi ya ini. Nikachukua kijani.

Bila kuulizwa akaigusia pia picha ya babu. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na picha yake ya sare nilikuwa nimeipachika karibu na dari kama ya rais ofisini. Fundi aliishusha mpaka usawa wa macho yangu. Sasa wageni wanamwona babu uso, si buti. Kuhusu makochi ya watu saba yaliyojaa chumba cha mita tatu na nusu kwa nne hakusema kitu, alitabasamu tu. Hayo ni ya mume wangu, yalitengenezwa Nsambya, na yeye pia hakupima.

Hesabu ilikwenda hivi. Kitambaa 18,000 kwa mita, jumla 72,000. Neti, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, mita nne 36,000. Kushona pamoja na pete 40,000. Fimbo 35,000. Jumla 183,000, na ile 20,000 ya kupima ilikuwa ndani yake.

Sasa kero. Aliahidi Alhamisi, akaleta Jumatano iliyofuata. Kila nikipiga simu "niko njiani, mama", na nyuma yake nasikia cherehani inalia. Mara umeme umekatika, mara pete zimeisha. Alipoleta, upande mmoja ulikuwa mrefu kwa sentimita tatu. Alirekebisha bure, lakini nilimkumbusha mara mbili, na mara ya pili sauti yangu haikuwa ya kistaarabu.

Pia nilimwomba pazia lisiguse sakafu. Yeye alitaka lilale chini kidogo, eti ndivyo wanavyopenda matajiri wa Kololo. Vumbi letu jekundu la Kawempe lingelifanya fagio kwa wiki moja. Akakubali kuliacha upana wa kidole.

Nampa nne kwa tano. Ile moja imebaki njiani, pamoja na yeye. Ukienda, nenda asubuhi kabla ngazi hazijajaa wabeba majora, na uwe na vipimo vya dirisha, vya kutoka fimbo hadi sakafu, na picha ya ukuta wote kwenye simu. Jumapili hafungui.